Kalibu Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Jumatatu, 3 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu nikiendelea kumwaga hasira zangu mezani wakati wa futari, baba atanihamishia chakula uani. Kasema mwenyewe: "Ikhlas, mtu kashinda njaa mchana kutwa, halafu unamfuturisha na bosi wako."

Basi bosi wangu atakaa humu.

Leo nimemaliza kazi niliyoianza Desemba. Shirika letu, Itika, lina ofisi ya vyumba viwili hapa Mukendo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yake ni moja. Mama mjamzito akizidiwa kwenye zahanati ya kijijini, nesi anapiga namba yetu, kompyuta inatafuta dereva wa karibu na kumpigia, akikataa inampigia mwingine, hadi apatikane. Kompyuta zenyewe haziko Mukendo. Tumezikodi kwenye wingu, zinaitwa mashine pepe. Simu zikiwa nyingi wingu linazaa mashine nyingine lenyewe, zikipungua linaziua. Na kila inayozaliwa inatolewa kwenye imeji moja, yaani mfano uliokwisha kupangwa kila kitu ndani yake. Baba anafyatua matofali Buhare, nilipomweleza hakuuliza mara mbili. "Kalibu," alisema. Ndiyo, kalibu.

Kalibu yetu ya sasa ina kasoro. Aliyeitengeneza miaka miwili iliyopita aligandisha orodha ya madereva humo humo. Mimi naweza kuisahihisha orodha kwenye mashine iliyo kazini leo, lakini mvua ikinyesha, simu zikaongezeka, mashine mpya zinazaliwa na orodha ile ile ya zamani: waliobadili namba, waliouza magari, waliohamia Mwanza. Mama anavuja damu, kompyuta inampigia mtu anayeuza nguo Mwanza.

Kalibu mpya haina orodha tumboni. Mashine ikiamka inakwenda kuichukua ghalani, kwenye hifadhi yetu ya huko huko wingu, ikiwa imesahihishwa siku hiyo hiyo. Nimeijaribu wiki nzima. Nimeisafisha, nikaondoa funguo zangu, mabaki ya majaribio, hata jina langu. Kilichobaki ni kubadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio ili wingu lianze kufyatulia hapo. Kesho namwambia mkurugenzi.

Jumanne, 4 Machi

Kakataa.

Sikuamini, nikadhani hajanielewa, nikaeleza upya. Alikuwa amenielewa vizuri sana. Bwana Stanslaus ana tabasamu lake la kupokelea wageni, akalitoa.

"Kazi safi, Ikhlas. Sasa usiiguse."

"Nisiiguse kivipi, bosi? Iko tayari. Mvua zimeanza."

"Kitu kipya kinazinduliwa. Tutamwitaje mgeni rasmi aje azindue kitu ambacho watu wameshakitumia? Itakuwa aibu."

"Lini?"

"Katikati ya mwezi huu. Mheshimiwa ameshakubali kimsingi."

Kimsingi! Nikasema basi niruhusu niitoe tu ile orodha kwenye kalibu ya zamani, ni kazi ya mchana mmoja, mpya ikae ikimsubiri mheshimiwa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Wafadhili wanataka kuona kabla na baada. Ukiirekebisha ya kabla, hiyo ya baada itaonekanaje?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu nisije nikamtukana mtu wa watu njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mashine tatu zimezaliwa, nikazisahihisha zote kwa mkono. Jioni wingu likaziua.

Jumanne, 11 Machi

Nesi Gati wa zahanati moja huko mbele ya Nyamuswa kanipigia. Gati ni mtu wa maneno machache, akipiga simu ujue ametafakari.

"Dada Ikhlas, hii mashine yenu inampigiaga marehemu."

"Marehemu nani?"

"Burito. Yule dereva wa Nyamuswa. Tulimzika Januari. Mimi nikipigaga inaniambia subiri, tunamtafuta dereva Burito."

Nikajisikia vibaya. Nikamwambia najua, orodha ni ya zamani, imerekebishwa ila inasubiri. Sikuweza kumwambia inasubiri nini.

"Lakini dada, jambo lingine," Gati akasema. "Anapokea."

"Nani anapokea?"

"Sasa mimi nitajuaje? Inasema Burito amekubali, yuko njiani. Na kweli gari linakuja. Si gari lake, lakini linakuja."

Nimefungua kumbukumbu za mfumo. Ni kweli. Marehemu Burito amekubali safari nyingi kuliko dereva yeyote wilaya nzima ya Bunda. Hapo kuna mtu anachezea mashine yangu, na nikimpata atanitambua.

Ijumaa, 14 Machi

Uzinduzi umeahirishwa mpaka baada ya Idi. Sababu iliyotolewa kikaoni: "kwa kuwaheshimu wenzetu waliofunga." Mwenzao aliyefunga ofisini ni mimi peke yangu, na hakuna aliyeniuliza. Nimegeuzwa kisingizio mbele ya macho yangu, nimekaa pale pale, na Thadeo, afisa uhusiano wetu, akanipa mkono wa pole.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimesahihisha kwa mkono. Zikafa. Mvua ikarudi. Zikazaliwa na ujinga ule ule.

Jumanne, 25 Machi

Kama Alhamisi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Baba kavaa kanzu yake iliyopigwa pasi mara mbili. Baada ya pilau aliniuliza kama kalibu yangu imeshaanza kazi. Nikamwambia bado, inasubiri mgeni rasmi. Akacheka mpaka akakohoa, akidhani namtania. Alipoona sicheki akaacha.

"Matofali yako tayari na nyumba inavuja?"

"Ndiyo, baba."

"Na mwenye nyumba ndiye kasema msijenge?"

Nikaondoka mezani kwenda kuosha vyombo. Sikukuu yangu ikaishia hapo.

Alhamisi, 3 Aprili

Tarehe mpya: 17 Aprili. Thadeo kaleta sampuli za fulana. Zimeandikwa mgongoni "Itika Mpya: Hakuna Mama Atakayesubiri". Nimeisoma mara ya pili kuhakikisha kwamba sioti. Akaniuliza navaa saizi gani, nikamwambia sivai.

Jumanne, 8 Aprili

Sasa hili ndilo limenitoa machozi ya hasira, na mimi si mtu wa kulia ofisini.

Mkurugenzi ameandaa tuzo. Siku ya uzinduzi madereva bora watapewa vyeti na mgeni rasmi. Thadeo kachomoa takwimu kutoka kwenye mfumo, kazipanga, kazipeleka. Dereva Bora wa Mwaka: Burito.

Niliingia bila kubisha hodi. Nikasema, "Bosi, Burito amekufa. Amekufa tangu Januari."

Stanslaus akaangalia karatasi yake, akaniangalia mimi. "Takwimu zinaonesha juzi alikubali safari."

"Ndiyo maana nakwambia kalibu imeharibika!"

"Au wewe ndiye umekosea jina. Akina Burito ni wengi huko."

Kesho nakwenda Nyamuswa mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya ugonjwa, na wala si uongo, kwa sababu kichwa kinaniuma kwelikweli.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudi jioni, matope mpaka magotini, na sijui nianzie wapi.

Basi lilipita Butiama, likakwama mara moja kabla ya Nyamuswa, tukashuka kusukuma. Sikupata shida kumpata niliyekuwa namtafuta. Nilionesha namba ya simu ya Burito kwa vijana wa bodaboda pale stendi, wote wakasema kwa pamoja, "Ah, hiyo anayo Robi." Nilikuwa nimejiandaa kugombana na tapeli.

Kumbe ni mjane wa Burito. Robi ana kama miaka thelathini na tano, anauza dagaa na nyanya pembeni ya stendi, simu ya mumewe ameifunga kwenye kanga kiunoni. Nilipojitambulisha kwamba natoka Itika akasimama, akajifuta mikono, akanikaribisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilitegemea anifokee. Angekuwa na haki.

"Ilipiga siku ya tatu baada ya maziko," alisema. "Bado tuna wageni nyumbani. Nikapokea, mwanamke ananiambia, habari dereva Burito. Nikazima. Ikapiga tena. Habari dereva Burito, mama mjamzito anahitaji usafiri, bonyeza moja kukubali. Nikalia, dada, nililia sana. Ya tatu ndiyo nikasikia vizuri kwamba kuna mama anasubiri."

"Ukafanyaje?"

"Nikabonyeza moja. Halafu nikakimbia hapa stendi, nikamshika wa kwanza mwenye gari, nikamwambia nenda zahanati, kuna mgonjwa. Akaenda. Tangu hapo nafanyaga hivyo hivyo."

Nikamuuliza kwa nini asibonyeze mbili, ya kukataa, mashine imtafute mwingine. Akanitazama kwa mshangao.

"Nilibonyezaga mbili siku moja. Nesi aliniambia ilizunguka saa nzima haijapata mtu. Hapa stendi mimi nawaona kwa macho, mashine yenu haiwaoni."

Na kweli haiwaoni. Inawaona wa Mwanza.

Nilikaa kwenye ile ndoo nimeinamisha kichwa. Mwezi mzima nilikuwa nikimwita mchezaji, mharibifu, na huyu ndiye alikuwa akifunika uozo wetu kwa miguu yake mwenyewe, amevaa kandambili, kwenye matope haya. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nimetengeneza mpya, ikianza kazi jina la Burito halitaitwa tena, ataachwa apumzike.

Akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kuitwa sichoki," akasema. "Ninachochoka ni hilo jina. Kila ikiita inabidi nilie kwanza ndiyo nikimbie. Ingekuwa inaniita mimi, ningekimbia tu."

Nyumbani kwake nilimsalimia mama mkwe, bibi mzee anayeona kwa shida. Robi akaninong'oneza nisimtaje Burito na mashine, hajui kwamba inayopiga ni mashine. Akisikia ile sauti huwa anadhani ni watu wa ofisini kwa mwanawe, wanaomtafuta mpaka leo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemweleza Stanslaus kila kitu, kwa utulivu, kwa adabu, mikono nyuma. Amesikiliza. Amesikitika hata, akasema "maskini." Halafu akasema:

"Vyeti vimeshachapwa."

Nilisubiri aendelee. Akaendelea. Majina yameshapelekwa kwa mheshimiwa, kuyarudisha ni kuonesha kwamba takwimu zetu zina walakini. Mjane atakuja kupokea kama mwanafamilia. Mshereheshaji atasema Burito yuko safarini.

"Safarini," nikarudia.

"Ni kweli kwa namna fulani," akasema mkurugenzi wa shirika la kuokoa maisha ya watu.

Nilikuwa namheshimu mtu huyu. Mwaka wangu wa kwanza alikuwa akilala ofisini mvua zikinyesha, akipiga simu kwa madereva yeye mwenyewe. Sijui alipotelea semina gani.

Jumatano, 16 Aprili

Uzinduzi umeahirishwa. Pasaka. Mheshimiwa anakwenda kwao.

Alhamisi, 24 Aprili

Uzinduzi umeahirishwa. Muungano, halafu Mei Mosi zinafuatana, "haitapendeza kubanana." Tarehe mpya ni 8 Mei. Mvua haijakatika siku nne. Nasahihisha mashine kwa mkono mpaka vidole vinajua njia bila mimi. Leo wakati nasahihisha ya nne, ya kwanza ilikuwa imeshauawa na nyingine imezaliwa. Ni sawa na kuzibua mtaro huku mtu anamwagia mchanga kwa juu, tena mtu mwenyewe namjua na ananilipa mshahara.

Kila siku nafungua ule mstari mmoja kwenye mipangilio. Nauangalia. Naufunga.

Jumatano, 30 Aprili

Jana sikuandika.

Jana mchana mvua ilishuka mkoa mzima wa Mara kama imefunguliwa bomba. Umeme ulikatika Mukendo, nikahamia kwenye modemu na betri. Mashine saba zilikuwa zimezaliwa.

Hezron, kijana mkulima wa upande wa Nyamuswa, alimleta mkewe zahanati kwa bodaboda. Mkewe anaitwa Dorah, mimba ya kwanza. Alikuwa anatoka damu. Gati alijua mara moja kwamba hapo hapamfai, anatakiwa hospitali Bunda, na haraka. Akapiga namba yetu.

Mashine iliyopokea simu yake ilikuwa imezaliwa muda huo huo. Ikampigia Burito.

Robi hakuwepo. Alikwenda msibani kwa shangazi yake, na kwa sababu njiani kote ni matope na mvua, simu ile aliiacha nyumbani ikichaji, asije akailoanisha. Simu ikalia. Mama mkwe akaipapasa akaipata. Akasikia sauti ikisema, habari dereva Burito. Bibi huyu miezi yote amekuwa akimsikia Robi akibonyeza, na sauti yenyewe ikamwelekeza: bonyeza moja kukubali. Alimkubalia mwanawe. Akairudisha simu pale ilipokuwa, akakaa.

Mfumo ukaandika: dereva amekubali, yuko njiani. Ukaacha kutafuta.

Gati akamwambia Dorah, vumilia, gari linakuja. Kwa nini asiamini? Kila siku lilikuwa linakuja. Akamfunika, akamtundikia maji, akamshika mkono. Alipoona kimya alipiga tena namba yetu, mashine ikamjibu kwa upole kwamba safari hiyo imeshapata dereva. Akapiga tena, jibu lile lile. Hapo ndipo alipotafuta namba yangu mimi.

"Ikhlas." Hakusema dada. "Burito yuko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Nilifungua orodha ya kweli, ile ya ghalani, ile ambayo kalibu mpya ingekwenda kuichukua yenyewe. Jina la kwanza lilikuwa Mugeta. Nikampigia kwa mkono wangu. Alikuwa stendi ya Nyamuswa, amekaa ndani ya gari lake, anasubiri mvua ipungue. Tangu Februari yumo kwenye orodha. Alikuwa hapo hapo muda wote.

"Mbona hamkuniita mapema?" aliniuliza, huku nasikia anawasha gari.

Alifika haraka. Alimfikisha Bunda. Dorah yuko hai, wamemwongezea damu, leo asubuhi amekunywa uji. Mtoto hakuwa hai. Alikuwa wa kiume. Gati ameniambia alikuwa mkubwa, mzuri, hana kasoro yoyote.

Sijui niandike nini baada ya hapo. Najua nilichofanya. Niliweka simu chini, nikafungua ule mstari mmoja, nikaandika jina la kalibu mpya, nikahifadhi. Basi. Muda wa kufunga kifungo cha shati. Mashine zote saba nikaziua, wingu likazaa nyingine kutoka kalibu mpya, zikaenda ghalani, zikachukua orodha, zikaanza kazi. Mpaka usiku zilipokea simu kumi na moja. Hakuna hata moja iliyompigia mtu asiyekuwepo.

Miezi miwili. Kifungo cha shati.

Alhamisi, 1 Mei

Robi kanipigia kwa simu ya jirani. Mama mkwe ameambiwa, na hali chakula. Anasema mwanawe aliitwa, akaitikia kwa niaba yake, kumbe ameua mtoto wa mtu.

Nikamwambia Robi, mwambie bibi siyo yeye. Mwambie kuna watu wenye vyeo na viyoyozi waliofanya hivyo, na wanajua.

"Nitamwambia," alisema. "Lakini hao watu si wamwambie wenyewe?"

Ijumaa, 2 Mei

Mkurugenzi amegundua. Hakugundua kwa sababu kuna kitu kimeharibika. Amegundua kwa sababu Thadeo, akitafuta kwenye mfumo makosa ya kupiga picha za "kabla" kwa ajili ya skrini ya uzinduzi, hakuyapata.

"Umeiwasha?"

"Nimeiwasha."

"Bila idhini yangu?"

"Kuna mtoto amekufa, bosi. Mfumo wetu ndio uliosema dereva yuko njiani. Nimekuandikia taarifa yote, iko mezani kwako tangu juzi."

Taarifa ilikuwa pale pale, chini ya fulana. Akaitazama, akaiacha.

"Hilo tutalishughulikia kwa utaratibu wake. Mimi nakuuliza: mheshimiwa tarehe nane atazindua nini?"

Naapa ndivyo alivyosema. Nimeandika neno kwa neno ili siku nikizeeka nisije nikadhani nilimsingizia.

"Rudisha ya zamani," akasema. "Wiki moja tu. Tarehe nane inawashwa mbele ya watu, basi, inaendelea milele. Wiki moja, Ikhlas."

"Na mvua ikinyesha wiki hiyo?"

"Utasahihisha kwa mkono kama ulivyokuwa unafanya. Wewe ni hodari."

Nilirudi mezani kwangu, nikafungua mahali kalibu zinapotunzwa. Zilikuwa mbili. Nikachagua ya zamani, pamoja na nakala zake za akiba zote, nikabonyeza futa. Wingu likaniuliza kama nina uhakika, maana kikifutwa hakirudi. Likanitaka niandike jina lake kuthibitisha. Niliandika polepole, nisikosee hata herufi.

Nikarudi kwake. "Bosi, hakuna cha kurudisha."

Alinitolea macho. Sikuinamisha uso.

Jumatatu, 5 Mei

Barua. Nimesimamishwa kazi kwa kuharibu mali ya shirika. Nikabidhi funguo zote za wingu kwa Thadeo kabla ya jioni.

Nimemkabidhi. Nimemfundisha mpaka akaelewa kwamba hatakiwi kugusa chochote. Kabla ya hapo niliingia ghalani mara ya mwisho, kwenye orodha, upande wa Nyamuswa. Jina la Burito halimo. Nikaongeza mstari mmoja, chini ya madereva, kwa siku ambayo hakuna anayepokea. Hilo lilikuwa la mwisho. Nikafunga, nikachukua kikombe changu cha chai nikashuka ngazi.

Alhamisi, 8 Mei

Sikualikwa, nikaenda. Baba alinisindikiza, kavaa kanzu ya Idi.

Mahema, maspika, ngoma, viti vyenye vitambaa vya satini. Mgeni rasmi alichelewa, alipofika akazindua. Waliweka kitufe kikubwa chekundu juu ya meza. Niliuangalia waya wake. Ulishuka ukaishia chini ya kitambaa cha meza, haukuunganishwa na kitu. Akakibonyeza, Thadeo akabofya kompyuta pembeni, skrini ikaonesha fataki. Watu wakapiga vigelegele. Mashine zenyewe zilikuwa kazini siku ya kumi.

Baba akaninong'oneza, "Ndiyo hiki mlichokuwa mnasubiri?"

Kisha tuzo. Mshereheshaji akasoma: Dereva Bora wa Mwaka, ndugu Burito wa Nyamuswa, ambaye kwa bahati mbaya hayupo nasi, yuko safarini kuokoa mama mwingine. Makofi. Mwanafamilia apite mbele.

Robi alitoka nyuma kabisa. Alikuwa amevaa gauni jeusi, kandambili zile zile. Akapokea cheti, akakisoma. Mheshimiwa akampa mkono, kamera zikawaka. Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti aseme asante, kama wengine walivyosema.

"Burito ni mume wangu," Robi alisema. "Hayuko safarini. Alikufa Januari, tumemzika Nyamuswa, mtu yeyote akitaka kaburi nitamwonesha. Aliyekuwa anapokea hizo simu ni mimi. Nilikuwaga nakimbia stendi. Siku moja sikuwepo, mtoto wa Dorah akafa. Hilo kwenye cheti hamjaliandika."

Akakirudisha cheti mikononi mwa Stanslaus, siyo kwa mheshimiwa. Akaweka kipaza sauti mezani taratibu, akatoka. Watu wakampisha njia. Wapiga ngoma hawakujua wapige au wasipige.

Stanslaus alibaki ameshika kile cheti. Kwa mara ya kwanza tangu Machi sikumwona na tabasamu. Nilitamani nimwonee huruma, nikajaribu, ikashindikana.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeitwa kuhojiwa wiki ijayo. Sijui watanirudisha au watanifukuza. Baba anasema Buhare kuna kazi ya kufyatua matofali, mshahara ni chakula.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kubwa tangu alfajiri. Nimekaa barazani sina mashine ya kusahihisha, mikono haijui ifanye nini.

Adhuhuri simu ikalia. Robi, anahema.

"Dada Ikhlas, madereva wote wa kwenye orodha walikuwa wamekwama ng'ambo ya mto. Ikanipigia."

Nikainuka. "Jina la Burito? Haiwezekani, nililitoa."

"Hapana. Imesema, habari Robi." Nikasikia mvua ya Nyamuswa kwenye simu, na injini ya gari ikiondoka. "Imesema Robi, dada. Nikabonyeza moja, nikakimbia."